Kitabu Chini ya Mguu wa Meza

Laini ya mafundi katika kiwanda cha chai cha Kericho ilikuwa na nyumba kumi. Kufikia mwisho wa Julai ya 1998, nane zilikuwa zimefungwa kwa makufuli. Katika ya kumi alikaa bawabu aliyelinda kiwanda usiku na kulala mchana kutwa, kwa hiyo tukisema kweli laini nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kukuitikia ukibisha hodi mchana, naye ni Wilkista, mke wa Oyoo fundi wa umeme; binti yao Molly alikuwa ameshaolewa mbali. Kila asubuhi alifagia mbele ya nyumba yake, kisha akafagia mbele ya nyumba ya Mama Nyamwange, ingawa Mama Nyamwange alikuwa amerudi kwao tangu Machi. Angeulizwa, angesema anazuia nyasi isimee. Lakini nani alikuwepo wa kumwuliza?

Ndiyo sababu alipomwona Chelimo akipanda njia ya laini saa nne ya asubuhi, Wilkista alifurahi kabla ya kushangaa. Chelimo alikuwa mwanamke wa Sosiot, kazi yake kulisha majani kwenye draya, mashine ya kukausha chai, na haikuwa desturi yake kutembea saa za kazi. Wilkista akachukua kikombe hata kabla salamu hazijaisha.

“Karibu, karibu Chelimo. Chai iko, kaa.”

“Wewe ndio ukae kwanza, Mama Molly.”

“Nikae kwa nini na mimi ndio mwenye nyumba?”

“Kaa tu, mama.”

Wilkista akaketi. Chelimo alibaki amesimama, ameshika aproni yake kwa mikono miwili.

“Simu imekuja kwa ofisi. Ndugu yako amepiga. Amesema mama amepumzika, jana jioni.”

Kwao Wilkista, huko upande wa ziwa, kilio cha msiba hakipigwi na mtu mmoja. Unakipiga wa kwanza, jirani anakipokea, wa pili anakipeleka mbele, mpaka kijiji kizima kimejua. Wilkista akafungua kinywa, akatazama mlangoni, akayaona makufuli. Nani angekipokea kilio? Akakifunga kinywa, akalia kimya, kilio ambacho mamake mwenyewe asingekitambua. Chelimo akaweka mkono begani kwake na kuuacha hapo muda mrefu.

“Baba Molly anajua?”

“Anajua. Amesema hawezi toka mpaka shifti iishe. Si unajua ile kioo yake.”

“Naijua,” Wilkista akasema, akijifuta kwa leso. “Hiyo kioo ni mke mwenzangu.”

Kioo chenyewe kililetwa Januari pamoja na draya mpya. Zamani draya iliendeshwa na wanaume sita waliozungusha magurudumu na kusoma saa za joto. Kioo kikachukua kazi ya watano, na si wa draya peke yao walioondoka. Unakigusa kwa kidole, mashine inatii. Ila kilitengenezwa kikae kwa kulala, na kabati la chuma lililokuwepo pale lilikuwa jembamba. Basi fundi aliyekileta kutoka Nairobi akakisimamisha wima, akaizungusha picha ili maandishi yasomeke, akala chakula cha mchana, akaenda zake. Picha aliizungusha, ile sehemu inayosikia kidole hakuigusa. Kioo kikawa kimesimama machoni pa watu, lakini chenyewe kiliendelea kuhisi kama kimelala.

Matokeo yake yalikuwa vituko. Ukibonyeza moja, inakuja tatu. Ukibonyeza tatu, inakuja tisa. Aliyetaka digrii tisini na nane akabonyeza tisa na nane kama alivyofunzwa shuleni, alipata sabini na nne, na chai ikatoka na maji yake. Tano peke yake, kwa kuwa ilikaa katikati, ndiyo iliyokubali kuitwa kwa jina lake. Wanaume watatu walijaribu wakatukana, wakaacha. Oyoo akakaa nacho, akajifunza upotovu wake kama mtu anavyojifunza tabia za wakwe. Akitaka tisini na nane, kidole chake kilikwenda kwenye tatu, kisha sita, bila hata kufikiri. Barua za kuachishwa kazi zilipogawiwa mwezi wa Machi, yeye hakupata. “Huyu ndiye anajua kuongea na hiyo mashini,” meneja alisema mbele ya watu, na Oyoo akatazama viatu vyake asionekane anafurahi.

Sasa nitasema jambo ambalo kiwandani halikujulikana, maana siri ya mtungi aijuaye kata. Jumapili iliyofuata Pasaka, akifagia vumbi nyuma ya kabati, Oyoo alikiokota kitabu cha maelezo cha kioo kile. Ukurasa wa arobaini na moja ulieleza kila kitu. Kioo kikisimamishwa wima, unazungusha picha kwanza, halafu unakipima upya: unazima umeme, unaweka kidole kwenye kona, unawasha, misalaba midogo mitatu inajitokeza mmoja baada ya mwingine, nawe unaugusa kila mmoja pale ulipo. Basi. Kazi ya dakika tano, ya mtu yeyote mwenye kidole.

Oyoo akausoma ukurasa mara mbili. Kwa mazoea yake ya kuandika tarehe kwenye kila fyuzi aliyobadilisha na kila waya aliofunga, akatoa biro na kuandika pembeni: 19/4/98. Kisha akawaza. Kioo kikitii kila mtu, yeye ni wa nini? Jioni akakibeba kitabu nyumbani ndani ya koti. Meza yao ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na Wilkista alikuwa amelalamika tangu mwaka juzi kwamba inacheza. Akakikunja kitabu, akakisukuma chini ya mguu ule. Wilkista akaitikisa meza, ikatulia. Akamshukuru.

Simlaumu haraka. Mtu aliyetazama majirani wanane wakipakia magodoro kwenye trekta la kampuni ana haki ya kuogopa. Lakini mwezi wa Mei ulipofika, mamake Wilkista akiwa ameanza kuugua, alituma mtu na neno moja: “Njooni wote wawili. Nataka niwaone mmeketi pamoja nyumbani kwangu.” Wilkista akapakia mkoba siku hiyohiyo. Oyoo akaenda kuomba livu, siku chache za likizo, na meneja akamuuliza, “Ukienda, nani atashika kioo?” Jibu alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza.

“Ngoja wiki mbili, tutaenda pamoja,” alimwambia mkewe.

“Naweza tangulia, wewe ukuje nyuma.”

“Na mimi nibaki na nani hapa? Na hayo makufuli?”

Wilkista akamwonea huruma, akautoa mkoba kitandani na kurudisha nguo sandukuni. Wiki mbili zikazaa wiki mbili nyingine, na hizo nazo zikazaa.

Siku ile simu ya msiba ilipokuja, shifti ilipoisha, Oyoo alikwenda ofisini. Meneja Kiptum hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye majani mengi kuliko draya, na mvua zilizokuwa zimekataa kukatika.

“Pole sana, Oyoo. Pole kabisa. Mama mkwe si mtu mdogo.”

“Naomba siku tano, bwana meneja.”

“Siku tano? Majani inaingia mpaka inalala nje, na wewe unaniambia siku tano? Tuma rambirambi. Mama aende.”

“Bwana meneja, kwetu mkwe asipofika mazishini, mke wangu ataulizwa kama ana mume ama hana.”

“Sawa. Sasa niambie jina la mtu atashika hiyo mashini. Jina moja tu.”

“Chelimo.”

Meneja akacheka, si kwa ubaya. “Chelimo analisha majani.”

“Lakini chai anaijua kwa mkono tu. Nitamfundisha leo.”

“Wanaume watatu wameshindwa.” Akavuta makaratasi yake karibu. “Haya. Akiweza, nenda. Chai ikiharibika, usirudi.”

Oyoo akasubiri kuambiwa aende. Meneja akasoma karatasi ya kwanza, akaisaini, akasoma ya pili. Fundi wa miaka arobaini na sita akabaki amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

“Bado uko?” meneja akauliza bila kuinua kichwa.

Mwanzoni Oyoo alijaribu njia ya kuokoa kila kitu. Akamweka Chelimo mbele ya kioo na kumfundisha upotovu wenyewe: ukitaka tisa bonyeza tatu, ukitaka saba bonyeza tisa, ukitaka nne bonyeza nane. Chelimo alisikiliza kwa adabu, akabonyeza, draya ikasimama. Akabonyeza tena, kamsa ikalia. Mara ya tatu akarudisha mkono ndani ya aproni.

“Lakini Oyoo,” akauliza, “kwa nini nisibonyeze pale pameandikwa?”

Swali la mtu mwenye akili timamu halina jibu la ujanja. Oyoo akamwomba amsubiri, akapanda njia ya laini kwa haraka.

Wilkista alikuwa akikunja nguo kwenye mkoba uleule wa Mei. Akamwona mumewe akiingia, akipiga magoti, akiinua meza kwa bega. Mkebe wa sukari ukateleza, akaudaka.

“Unatafuta nini huko?”

“Karatasi ya kazi.”

“Si ndiyo inashikilia meza?”

“Nitaweka ingine.”

Hakuweka. Alirudi kiwandani mbio, akauzima umeme, akafungua ukurasa wa arobaini na moja ingawa aliujua kwa moyo, akaweka kidole kwenye kona na kuwasha. Msalaba wa kwanza ukajitokeza juu kushoto, mweupe, mdogo kama punje ya mchele. Mkono wa Oyoo ukaenda wenyewe chini. Kioo kikalia kwa kukataa. Akazima, akawasha tena, akajihimiza. Mkono ukaenda chini tena. Miezi saba ya mazoea haifutwi kwa kujihimiza.

“Si iko hapa juu?” Chelimo akasema. “Wacha mimi.”

Akaugusa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaandika tisa, akaandika nane. Kioo kikaandika tisini na nane.

“Ni hiyo tu?”

“Ni hiyo tu.”

Chelimo akamtazama Oyoo, akatazama kitabu chenye alama ya mguu wa meza katikati ya jalada. Hakuwa mjinga, lakini pia hakuwa mtu wa kumvua mwenzake nguo siku ya msiba.

“Na hatukujua,” akasema polepole.

“Hatukujua,” Oyoo akaitikia, akakitia kitabu mfukoni mwa koti.

Mazishi yalikwenda kama mazishi yanavyokwenda. Oyoo alifika na fahali aliyemnunua kwa kukopa, mashemeji wakamwona, na Wilkista hakuulizwa lolote. Lililomuumiza Oyoo lilikuwa ndani ya nyumba. Viti viwili viliegemezwa ukutani, kimoja kando ya kingine, na shemeji mmoja alipotaka kuvitoa nje kwa ajili ya wageni, mke wa kaka yake Wilkista akamzuia kwa mazoea kabla ya kukumbuka kwamba hakuna tena wa kumkataza.

“Mama aliviweka hapo tangu mwezi wa tano,” akamweleza Wilkista. “Alisema ni vya wewe na bwana yako. Gari ikipita huko barabarani anauliza kama ni nyinyi.”

Oyoo alisikia. Alilia kwa sauti mbele ya watu wote, na wazee wakasema mkwe kama huyu ni nadra siku hizi. Wilkista aliwasikia wazee wale, akajivunia mumewe. Hilo nalo Oyoo alilibeba kurudi nalo Kericho.

Siku ya kurudi kazini alimkuta Chelimo amesimama kwenye kioo, na chai ikitoka nyeusi, kavu, moja kwa moja. Chelimo akampisha kwa heshima. Oyoo akajinyoosha, akataka digrii tisini na nane, kidole kikaenda kwenye tatu, kisha sita. Kioo, sasa kikiwa kitiifu, kikaandika thelathini na sita. Thelathini na sita ni joto la kifua cha mama. Linafaa kumlaza mtoto, halikaushi chai. Draya ikaanza kupoa, na kabla yeye hajaelewa kosa liko wapi, majani yalikuwa yameanza kumwagika yakiwa na maji. Chelimo akapitisha mkono mbele yake na kurekebisha bila neno. Watu wawili wa magunia wakacheka. Meneja Kiptum alikuwa mlangoni.

Ofisini aliambiwa aketi, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na hapo akajua.

“Chelimo ameniambia ni misalaba tatu tu,” meneja akasema. “Unagusa, imeisha. Miezi saba wewe umebonyeza upande. Nataka kujua kitu moja, Oyoo. Ulijua ama hukujua?”

Angesema alijua, ni mtu aliyeiba miezi ya kampuni, na angetoka bila hata haki yake ya mwisho. Angesema hakujua, ni fundi wa umeme mwenye miaka ishirini kazini aliyeshindwa na kitu cha dakika tano. Aibu mbili zikiwekwa mbele yako huchagui; unaokota ile nyepesi.

“Sikujua, bwana meneja.”

“Miezi saba?”

“Miezi saba.”

Meneja akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Oyoo kuliko tusi. Barua ya kuachishwa kazi ilikuwa tayari kwenye bahasha. Alipoifungua njiani aliona ilipigwa taipu siku ileile aliyoondoka kwenda kuzika. Nyumba irudishwe ifikapo mwisho wa Agosti.

Wilkista alikuwa ameanika nguo za matanga kwenye waya. Koti la Oyoo lilikuwa la mwisho, linachuruzika maji. Kitabu kilikuwa juu ya meza, kimefunguliwa, na meza ilikuwa imeinama upande mmoja kama ilivyoachwa.

“Wameniachisha,” Oyoo akasema mlangoni.

“Chelimo alipita hapa. Nimesikia.” Hakusema pole. Akageuza kitabu kimwelekee. “Kingereza yangu si nyingi. Lakini hii tarehe ni mkono wako.”

“Ni mkono wangu.”

“Mwezi wa nne.”

“Ndiyo.”

“Mama alituma mtu mwezi wa tano.”

Nje bawabu alikohoa, akafungua mlango wa nyumba ya kumi, akaufunga tena.

“Nitakuuliza mara moja tu, Baba Molly, na sitauliza tena. Ulijua ama hukujua?”

Uongo ulikuwa bado moto mdomoni, alikuwa ameutumia saa moja iliyopita na ulifanya kazi. Lakini mke wake alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayeomba adanganywe, na hilo hakuliweza.

“Nilijua,” akasema. “Niliogopa wataniachisha. Na niliogopa kukukosa. Nilijua ukienda nitabaki hapa peke yangu.”

Wilkista akafunga kitabu taratibu, akalisawazisha jalada kwa kiganja.

“Wiki moja,” akasema. “Ningeenda wiki moja tu, nirudi.”

Alikuwa hajafungua mkoba tangu mazishini, kwa hiyo asubuhi hakukuwa na kazi ya kupakia. Alisema anakwenda kwa kaka yake kumaliza matanga. Oyoo hakuuliza atarudi lini, kwa kuogopa jibu. Wilkista alifagia mbele ya nyumba, akafagia mbele ya nyumba ya Mama Nyamwange, akauegemeza ufagio mlangoni pa mumewe, akashika njia. Kitabu alikuwa amekipeleka mwenyewe kwa Chelimo, apate kukisoma ikiwa kioo kitasumbua tena.

Wiki tatu zilizobaki Oyoo alipewa kazi ya kubadilisha taa na kufagia karakana. Jioni ya kwanza alipika ugali mwenyewe, akaketi mezani, na meza ikacheza, bakuli la omena, dagaa wa ziwani, likateleza mpaka ukingoni. Akaangaza macho nyumba nzima akitafuta kitu cha kuweka chini ya mguu. Hakukuwa na karatasi yoyote ila barua. Akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, akaisukuma chini kwa kidole.

Akaitikisa meza. Barua ilikuwa nyembamba. Akaishika meza kwa mkono mmoja, akala kwa mwingine.